Goti limepasuliwa na safari ya bustani ya burudani imeshalipiwa: namna ya kwenda bila kulirudisha nyuma

Mleta uzi, pole na upasuaji. Umeuliza mambo mawili: kama wiki ya saba ni mapema mno kwenda na watoto kwenye bustani ya burudani, na ni vyombo gani vya kupanda usivikaribie. Naanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo linalorudisha nyuma magoti mengi kuliko rolakosta (treni ya kasi ya kupanda na kushuka): kusimama.

Siku nzima kwenye bustani kubwa ni mwendo wa kilomita 10 hadi 15, na katikati yake kuna foleni za dakika 40, saa nzima, hata zaidi. Ukitembea, misuli ya shavu la mguu inabana na kuachia, na kila ikibana inasukuma damu na majimaji yarudi juu. Ukisimama palepale, pampu hiyo inalala na goti linajaa. Goti likijaa, neva za ndani ya goti huuzuia msuli wa mbele ya paja usikaze sawasawa, hata kama huhisi maumivu yoyote. Ndiyo maana mtu anatembea vizuri asubuhi yote, halafu saa 11 jioni anashuka ngazi tatu tu na goti linakunjika lenyewe. Kwa hiyo siku yako ipangwe kwa kufuata uvimbe, ramani ya bustani ije baadaye.

Kuhusu wiki ya saba, jibu linategemea kilichofanyika ndani. Kama meniska (gegedu la kukinga mshtuko ndani ya goti) ilipunguzwa tu kwa upasuaji wa kamera, wengi huwa wanatembea kawaida kufikia wakati huo na tatizo linabaki kuwa pumzi na nguvu ya paja. Meniska iliyoshonwa ni habari nyingine kabisa. Wiki 4 hadi 6 za kwanza kwa kawaida mgonjwa hukatazwa kukunja goti kupita digrii 90 huku amelikanyagia, na kuchuchumaa hukatazwa kwa takriban miezi 4. Wiki ya saba ndiyo kwanza umeachiwa, na mshono hukatika kwa kukunja sana chini ya uzito au kwa kujizungusha mguu ukiwa umekita chini. Kano ya msalaba (ile inayoshikilia goti kwa ndani lisiteleze) iliyopandikizwa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 mwili unaivunja na kuijenga upya, hivyo ni dhaifu kuliko siku ilipowekwa, na kipindi hichohicho ndicho goti linajisikia limepona. Mwenye goti bandia anaweza kuwa na mwendo mzuri tu, ila uvimbe hudumu miezi 3 hadi 6 au zaidi, na hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu inakuwa bado haijaisha.

Usimuulize daktari "naweza kwenda?" Atafikiria kutembea na atasema ndiyo. Muulize hivi, uandike majibu: nikanyagie uzito kiasi gani, nikunje hadi digrii ngapi, bresi (kifaa cha kushikilia goti) ivaliwe lini na ifungwe kwa pembe gani, na je, naruhusiwa kukaa kwenye chombo kinachorusha na kutikisa?

Siku 10 hadi 14 kabla ya safari fanya jaribio. Chukua tepu ya fundi cherehani, nyoosha mguu ukiwa umelegea, pima mzunguko wa goti katikati ya pia ya goti, kile kifupa cha mbele. Kisha tembea na kusimama kwa jumla ya saa mbili mahali tambarare, ukikaa dakika 10 kila nusu saa. Pima tena usiku na asubuhi inayofuata. Kama limeongezeka zaidi ya sentimita 1 na asubuhi halijarudi, muda huo umelizidi. Punguza nusu, urudie baada ya siku mbili. Muda ambao goti linaumudu bila kuamka limevimba ndio muda wako wa kuwa wima bustanini. Saa zilizobaki zote ni za kukaa.

Hapo ndipo kiti cha magurudumu kinapoingia. Wengi wanakikataa kwa kuona ni cha asiyeweza kutembea, lakini hapa kazi yake ni kubeba zile kilomita ili nguvu ya paja ibakie kwa ngazi, choo, na kuingia na kutoka kwenye vyombo. Viti vinavyokodishwa getini mara nyingi havina egemeo la mguu linaloinuka, hivyo mguu unaning'inia kutwa na jioni uvimbe uko palepale. Kodi mapema kwenye duka la vifaa tiba, omba egemeo la kuinua, na utaje ni mguu wa kulia au wa kushoto. Mguu uliochomoza mbele ndio unaogongwa kwanza kwenye msongamano, na anayesukuma hauoni vizuri, basi funga kitambaa cha rangi kali kwenye egemeo. Reli za treni ndogo na mifereji yenye nondo ivukwe kwa kuikabili moja kwa moja, kamwe si kwa mshazari: gurudumu dogo la mbele likizama kwenye ufa, kiti kinasimama ghafla na wewe unatua kwa goti. Mteremko mkali, mshuke kinyumenyume, msukumaji akiwa upande wa chini. Kabla ya kuinuka, breki zote mbili zifungwe na vikanyagio vikunjwe juu; kukanyaga kikanyagio wakati wa kuinuka ni njia ya kawaida sana ya kupinduka na kiti. Skuta ya umeme inamfaa anayekunja goti bila taabu, lakini haina pa kunyoosha mguu.

Kwa magongo: mpini uwe usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima, na kati ya gongo na kwapa ibaki nafasi ya vidole 2 au 3. Uzito ubebwe na viganja, maana kwapani kuna neva na zikibanwa kwa muda mkono unakufa ganzi. Gongo likiwa moja, lishike upande wa mguu mzima. Kagua kofia za mpira kabla ya safari. Zikiwa zimelika, sakafu yenye maji itakuangusha. Ngazi unazijua bila shaka: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia uliopasuliwa.

Usitegemee barua ya daktari kukuondolea foleni. Kwenye bustani za Disney za Florida na California, tangu 2024 huduma ya kusubiri nje ya foleni inalenga watu ambao, kwa hali ya ukuaji kama usonji, hawawezi kuvumilia foleni ya kawaida kwa muda mrefu. Mwenye tatizo la kutembea huelekezwa kukaa kwenye kiti cha magurudumu ndani ya foleni hiyohiyo. Kila bustani ina utaratibu wake, na karibu zote kubwa zina mwongozo wa wageni wenye ulemavu kwenye tovuti. Usome wiki moja kabla, chombo kwa chombo.

Sasa vyombo vyenyewe. Kabla ya kutazama kasi, jiulize: naingiaje, goti linakaa vipi ndani, na kikikwama njiani nashukaje? Hilo la mwisho watu hulisahau. Chombo kikisimama juu, wageni huteremshwa kwa ngazi nyembamba za chuma, na wahudumu kwa kawaida hawaruhusiwi kukubeba. Kama huwezi kushuka ngazi 40 ukishikilia reli bila magongo, chombo cha juu hakikufai kwa sasa, hata kiwe cha taratibu namna gani.

Mashua za ndani ndizo zinazodanganya. Zinaonekana tulivu, kumbe unashuka kwenye sakafu yenye maji inayoyumba, kisha unakaa kwenye benchi la chini sana. Kuinuka kutoka kiti cha chini kunataka goti likunjike kupita digrii 100; ukiwa na 90 tu, utajivuta kwa mikono huku mguu ukipinda pembeni. Chagua safu yenye kitu imara cha kushika. Kaa kwanza ukingoni mwa kiti, kisha geuza kiwiliwili na miguu yote kwa pamoja. Usijizungushe juu ya mguu uliokita. Vyombo vingine hupakia watu vikiwa vinatembea, au unakanyaga ukanda unaosonga. Mwombe mhudumu apunguze mwendo au asimamishe, na umwombe ukiwa bado kwenye foleni.

Ukiwa ndani, tatizo ni nafasi. Breki za mwisho za rolakosta zinakusogeza mbele sentimita chache tu, lakini kwenye kiti finyu hizo zinatosha kuigonga pia ya goti kwenye ukuta wa mbele. Kaa nyuma hadi kiuno kiguse egemeo kabla fimbo haijashuka mapajani. Vya kupanda kwa mkao wa pikipiki ni vibaya zaidi: kwenye rolakosta ya pikipiki iliyofunguliwa Shanghai Disneyland mwaka 2016 na Magic Kingdom, bustani ya Disney ya Florida, mwaka 2023, unainama mbele magoti yamekunjwa, na kizuizi kinabana miguu kwa nyuma ya shavu. Baadhi ya treni za Magic Kingdom zina viti vya kawaida mkiani, inabidi uviombe. Vyombo vya miguu kuning'inia viache kabisa kama una kano mpya au mshono wa meniska: uzito wa ugoko na kiatu unalivuta goti, na kwenye kona mguu unarushwa huku na huku bila kinga. Kwa kano ya msalaba, vyombo hivyo vihesabiwe pamoja na michezo ya kukimbia na kugeuka, ambayo wengi huruhusiwa kuanzia miezi 9. Magari ya kugongana hapana. Trampolini na nyumba zenye sakafu inayotikisika hapana, hata kwa aliyepunguziwa meniska tu.

Bresi yenye vyuma inaweza kuizuia fimbo isijifunge vizuri, na mhudumu akikukataza yuko sahihi. Naomba sana usiivue foleni ili upite. Utashuka bila bresi, tena miguu ikiwa bado inatetemeka.

Vinavyobaki si vichache. Treni ya kuzunguka bustani, maonyesho ya jukwaani, sinema, gwaride, na farasi wa kuzunguka, mradi ukae kwenye benchi, maana kushuka kwenye farasi ni kuruka kwa mguu mmoja. Kwenye maonyesho chagua kiti cha pembeni ambacho njia iko upande wa goti lako: goti la kushoto, njia iwe kushoto, ili uunyooshe mguu. Uuvute ndani watu wanapopita gizani.

Getini, goti bandia linaweza kuamsha mashine ya kugundua chuma. Mwambie mlinzi mapema. Skrubu ndogo za kano kwa kawaida hazileti shida.

Ratiba inayofanya kazi ni nusu siku mbili. Ingia geti linapofunguliwa, foleni zikiwa fupi, utoke kabla ya saa 6 mchana. Lala saa mbili au tatu, mguu juu ya usawa wa moyo, barafu dakika 15 hadi 20 ikiwa imefungwa kwa kitambaa, pumzika, urudie. Rudi jioni kama goti limetulia. Ikiwa malazi yako mbali, tafuta chumba cha huduma ya kwanza cha bustani: bustani kubwa huwa nacho, na mara nyingi kina kitanda na barafu. Kila nusu saa, popote ulipo, vuta vidole vya mguu juu na kuvisukuma chini mara 20. Kwenye umati tembea kandokando ya ukuta, goti likiwa upande wa ukuta, kwani watoto wanaokimbia hugonga miguu.

Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, kama tramadoli, huleta kizunguzungu na kulegeza mizani ya mwili. Ukiwa bado unazihitaji mchana, siku ya bustani bado haijafika. Ibuprofeni inaweza kuumiza figo ukiwa umekaukiwa maji kwenye jua, na pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda huongeza hatari ya kuvuja damu; muulize daktari kabla ya kuzichanganya. Anayetumia dawa hizo za damu aache vyombo vyote vya kugonga na kutikisa, maana pigo dogo linaweza kujaza goti damu. Kidonda kisiloweshwe kwenye bwawa wala mto wa bandia hadi kifunge kabisa na daktari akubali. Kovu jipya lifunikwe, au lipakwe krimu ya jua ya SPF 30 au zaidi, ngozi ikishafunga.

Kama safari ya kufika inapita saa nne kwa gari au ndege, muulize daktari kuhusu soksi za kubana na dawa, na uinuke kila saa. Shavu la mguu mmoja likivimba, likiuma na kuwa la moto, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiishiwa pumzi ghafla, kifua kikichoma au ukikohoa damu, ita gari la wagonjwa papo hapo, usisubiri familia imalize foleni. Homa ya kupita digrii 38 au kidonda kinachotoa usaha ni simu kwa daktari aliyekupasua.

Asubuhi ya siku ya pili, kabla ya kuvaa viatu, chukua tena ile tepu. Limerudi ndani ya sentimita 1, endelea na nusu siku nyingine. Halijarudi, watoto waende na mtu mwingine asubuhi, wewe ujiunge nao jioni kwenye gwaride, ukiwa kwenye kiti, mguu juu.