Hawakuwa wake za wachungaji

Dada, umeuliza kama wamisionari wanawake wa Masasi walikuwa wake za wachungaji tu. Hapana. UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoanza Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Steere, ilitaka wamisionari waseja, na haikutoa mshahara, ila matunzo na posho ndogo. Wanawake walikuja kwa kazi zao wenyewe: uuguzi, ualimu, utawa.

Mamlaka yao yaligota kwenye unyago. Jando, Askofu Lucas wa Masasi aliweza kuliingiza kanisani kwa sababu mapadre Waafrika waliopita jandoni walikuwa upande wake. Unyago ulikuwa mikononi mwa makungwi. Mwanamke wa Kizungu asiyechezwa wala kuzaa angewafundisha nini?

Suala la rangi litazame kwenye utawa, hapo linaonekana wazi kabisa. Shirika la masista la CSP (Community of the Sacred Passion), lililoanzishwa na Askofu Weston wa Zanzibar mwaka 1911, lilikuwa hasa la Waingereza. Mabinti wa kwetu waliundiwa shirika lao peke yao, Chama cha Mariamu Mtakatifu, Masasi, 1946. Chama hicho kipo hadi leo. Ukipata nafasi, kaa na masista wazee uwasikilize.