Kitabuni nilicheka, kwenye skrini nimenuna

Maswali mengi ya mwezi huu yanahusu jambo moja: komiki za kuchekesha zinapohamia kwenye skrini, na mabishano yanayozuka mashabiki wakianza kulinganisha. Tumejibu yale yanayojirudia zaidi.

SWALI: Filamu imechukua kichekesho ninachokipenda kutoka kwenye komiki, neno kwa neno, mpaka mavazi ni yaleyale. Nimekitazama bila hata kutabasamu. Wenzangu wanamlaumu mwigizaji. Ndiye mkosaji kweli?

JIBU: Huenda, lakini awe wa mwisho kushukiwa. Anza na suala la muda. Kwenye komiki mwenye saa ni wewe msomaji: unakaa kwenye fremu moja, yaani kisanduku kimoja cha mchoro, kadiri upendavyo, unarudi nyuma, unafunua ukurasa ukiwa tayari. Kwenye filamu saa iko mikononi mwa mhariri wa picha, nawe huna la kufanya ila kumfuata. Kichekesho kilichopimwa kwa mwendo wa jicho lako hakihami kizimakizima.

Chukua komiki yoyote ya karatasi inayosomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ukurasa wa upande wa kulia kwa kawaida una namba witiri, na fremu yake ya mwisho, kule chini kwenye kona, ndipo mchoraji mjuzi anapotega mtego. Mlango umefunguka, mtu amekodoa macho, na sisi hatuoni anachokiona. Kitu chenyewe kiko nyuma ya karatasi, juu kabisa ya ukurasa unaofuata, na ni mkono wako unaokifichua. Manga, komiki za Kijapani, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini mtego ni uleule. Ndiyo maana pia komiki hiyohiyo ikisomwa kwenye simu, fremu mojamoja, huweza kupoa: kila fremu inafichuliwa kwa kidole kilekile, kwa hiyo hakuna mshtuko unaopewa heshima kuliko mwingine.

Halafu kuna fremu ya kimya. Ya kwanza, mtu anasema upuuzi. Ya pili, mwenzake anamtazama tu, hakuna kiputo cha maneno hata kimoja. Ya tatu, jibu. Ile ya katikati haina urefu maalumu. Kila msomaji anaipa wake. Mwongozaji wa filamu hana anasa hiyo. Lazima achague nusu sekunde, au moja, au tatu. Akiifupisha mno, jibu linamkuta mtazamaji bado anameza lile la kwanza. Akiirefusha, mtazamaji anawahi kulibashiri.

Kosa lingine la mara kwa mara ni la uso na maneno. Kwenye fremu unamwona msemaji, msikilizaji na kiputo kwa mtupo mmoja wa jicho. Kamera ikimkaribia mmoja, mwingine anapotea. Waongozaji wengi humwonyesha anayesema, ilhali utamu mara nyingi uko usoni mwa anayesikia. Na utani uliochorwa pembeni, mabango na vibao ambavyo kitabuni ungevisoma kwa raha zako, kwenye skrini unapita kabla hujajua kuwa ulikuwepo.

Kipimo ni hiki. Tazama kipande hicho sauti ikiwa imezimwa, kisha kisikilize bila kutazama. Kikichekesha bila sauti na kufa sauti inaporudi, chunguza muziki na namna maneno yanavyotamkwa; muziki unaomwambia mtu "sasa cheka" umeua vichekesho vingi. Sauti peke yake ikichekesha, kosa liko kwenye kamera au ukataji wa picha. Vyote viwili vikiwa vimekufa, hapo umjadili mwigizaji, na hata hapo mwandishi asiachwe nyuma.

SWALI: Kwenye kundi letu kuna anayesema kipindi cha *Batman* cha miaka ya 1960 kiliifanyia dhihaka komiki iliyokuwa na hadhi. Ana hoja?

JIBU: Anaisoma historia kutoka mwisho kwenda mwanzo. Batman mwenye kisirani anayemjua yeye ameenea sana tangu kazi ya mtunzi wa komiki Frank Miller ya 1986. Kipindi kilirushwa kati ya 1966 na 1968, sehemu 120, na komiki zilizokitangulia zilikuwa na wepesi wake zenyewe. Baada ya kanuni za maadili za komiki kupitishwa Marekani mwaka 1954, Batman alipata mbwa mwenye barakoa (1955), akavaa suti za rangi za upinde wa mvua (1957), akaandamwa na kijitu kinachomhusudu kiitwacho Bat-Mite (1959). Sehemu ya kwanza kabisa ya kipindi hicho ilitoa mkasa wake kwenye *Batman* namba 171 ya 1965. Hapo dhihaka iko wapi?

Kilichobadilika ni namna ya kusema. Adam West, anayeigiza Batman, anatamka kila upuuzi kwa uso mkavu kabisa, kama anatoa ushahidi mahakamani. Hakuna vicheko vya kupandikizwa. Kwenye maficho ya wahalifu kamera imeinamishwa upande, kwa hiyo chumba kizima kimekwenda mshazari. Ukikitazama tena, mkazie macho mwigizaji Cesar Romero, aliye Joker, adui wa Batman, picha inapomkaribia: alikataa kunyoa masharubu, wakampaka rangi nyeupe juu yake, na yanaonekana. Mtoto anatazama mkasa, mtu mzima anatazama komedi, na ni tukio lilelile. Sisi tunakihesabu miongoni mwa tafsiri sahihi zaidi za komiki ya wakati wake.

SWALI: Kuna vipande vya *The Big Bang Theory* vilivyoondolewa vicheko, na kweli vinaboa. Je, si ushahidi kuwa kipindi chenyewe hakichekeshi?

JIBU: Hapana. Kipindi hicho, komedi ya Marekani kuhusu wanasayansi wapenda komiki, sehemu 279 kati ya 2007 na 2019, kilirekodiwa mbele ya watu waliokaa studio. Mwigizaji akitoa utani, anasubiri kicheko kipungue ndipo aendelee, vinginevyo sentensi inayofuata itamezwa. Ukifuta kicheko, ile subira inabaki, na sasa unamwona mtu amesimama anatazama hewa. Umeondoa jibu la mazungumzo ukaacha nafasi yake wazi. Mazungumzo gani yangesalimika?

Linganisha na *M\*A\*S\*H* (1972 hadi 1983), kipindi cha madaktari wa vita vya Korea. Kile hakikuwa na watu studio. Vicheko vilibandikwa baadaye kwa matakwa ya kituo cha televisheni, na watengenezaji walipata ruhusa visibandikwe kwenye chumba cha upasuaji. Uingereza kilirushwa bila vicheko, nacho kilisimama vizuri, kwa sababu waigizaji hawakuwa wamemsubiri mtu. Kwa hiyo kabla ya kufuta vicheko, uliza vilitoka wapi. Kama vilikuwa vya watu halisi, jaribio la haki ni kukata pia ile subira, au kusoma mazungumzo kwenye karatasi.

Lipo lalamiko jingine ambalo mashabiki hulichanganya na hili: kwamba kipindi kinawacheka wasomaji wa komiki badala ya kucheka nao. Hilo lina mashiko zaidi, na linapimika. Chagua sehemu moja yenye duka la komiki, weka alama kwenye kila utani: je, ili uucheke lazima ujue komiki, au inatosha kumwona mtu mzima akisisimkia komiki? Aina ya pili ikizidi, mwenye kulalamika ana haki yake.

SWALI: Nani alimwiga mwenzake kwa kuzungumza na mtazamaji, She-Hulk au Deadpool, mashujaa wa komiki za Marvel?

JIBU: Kwenye komiki She-Hulk alitangulia. Mhusika ni wa 1980, na mwandishi na mchoraji John Byrne alimfanya aanze kuzungumza na msomaji, na hata kugombana na mwandishi wake, katika mfululizo ulioanza 1989. Deadpool alitokea 1991, na mazoea yake ya kujua kuwa yumo kitabuni yalikomaa miaka ya mwisho ya 1990. Kwenye skrini ni kinyume: filamu ya Deadpool ni ya 2016, kipindi cha She-Hulk ni cha 2022. Kila upande unashika nusu ya jibu na kupiga nayo kelele.

La kutazama hapa ni ufundi. Kwenye komiki ya Byrne, She-Hulk huchana ukurasa akapita katikati ya matangazo ili kufupisha njia. Ukimpiga picha mwigizaji akichana karatasi utakuwa umenakili, na hutachekesha, maana mtazamaji hakushika karatasi. Sehemu ya 9 ya kipindi ilimtoa She-Hulk nje ya tukio mpaka kwenye ukurasa wa kuchagulia vipindi wa huduma ileile unayotazamia, akaingilia kipindi kingine na kwenda kuwakabili waandishi. Hiyo ndiyo tafsiri ya ukurasa uliochanwa. Unaweza kuuchukia mwisho ule, na wengi wameuchukia, lakini usiseme kuwa haukuisoma komiki.

SWALI: Kitabu si ndicho chanzo siku zote?

JIBU: La. Harley Quinn, mshirika wa Joker, alizaliwa kwenye katuni ya televisheni ya Batman, Septemba 1992, ndipo akahamia komiki. Na familia ya Addams, iliyochorwa na Charles Addams tangu 1938, ilikuwa michoro ya picha mojamoja. Majina yao yalienea na kipindi cha televisheni cha 1964.

SWALI: Mtoto amependa filamu za *The Mask* na *Men in Black*. Nimnunulie komiki zake?

JIBU: Zisome wewe kwanza. Komiki ya *The Mask* ni ya damu: anayevaa barakoa anaua, na ukatili umechorwa waziwazi. Filamu ya 1994 iliondoa mauaji ikabakiza mwili unaovutika kama mpira. Komiki ya *Men in Black*, ya 1990, nayo ni nzito: maajenti hulinda siri zao hata kwa kuua. Filamu ya 1997 inategemea kifaa cha kufuta kumbukumbu kwa mwanga, na kwa kifaa hicho kimoja hadithi ikageuka komedi, kwa kuwa shahidi sasa anarudi nyumbani salama, kachanganyikiwa tu.

SWALI: Kwa vichekesho vya lugha ngeni, manukuu ya chini au sauti iliyoingizwa?

JIBU: Vichekesho vya mwili, chukua manukuu. Vichekesho vya maneno mengi, jaribu sauti iliyoingizwa kwanza, mradi waigizaji wake ni hodari. Manukuu kwa kawaida hayazidi mistari miwili, kila mmoja herufi kama 42, kwa hiyo utani mrefu hupunguzwa. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba jicho humaliza kusoma kabla mwigizaji hajamaliza kusema, ukacheka peke yako sekunde moja mapema. Mtengeneza manukuu makini huugawa utani mara mbili, akazuia neno la mwisho mpaka litamkwe. Ukiona neno hilo limetokea mapema mara tatu katika dakika kumi za mwanzo, badilisha.

SWALI: Nikitaja ushahidi kwenye mabishano, watu hawaupati. Niutaje vipi?

JIBU: Kwa komiki: jina, mwaka mfululizo ulipoanza, namba ya toleo, ukurasa, fremu. Mwaka usiuache. "*Batman* namba 1" inaweza kuwa ya 1940, ya 2011 au ya 2016. Hesabu kurasa za hadithi tu, ruka matangazo, kwa sababu mwenzako mwenye juzuu ya mkusanyo hana matangazo hayo na namba zenu hazitakutana.

Kwa skrini: msimu, sehemu, dakika na sekunde, na toleo, la kumbini au lililorefushwa. Kama mmoja ana DVD ya zamani ya mfumo wa televisheni uitwao PAL, msishangae. Filamu ya picha 24 kwa sekunde huchezwa humo kwa 25, hivyo ya dakika 100 inakwisha kwa dakika 96, na tukio la dakika ya 50 linaangukia dakika ya 48. Ongeza kipande cha maneno yanayosemwa hapo, mtafutane kwa hayo.

SWALI: *Scott Pilgrim* nianzie wapi?

JIBU: Juzuu 6 za komiki yenyewe, za Bryan Lee O'Malley (2004 hadi 2010), kisha filamu ya Edgar Wright ya 2010, kisha katuni ya sehemu 8 ya 2023. Filamu ilipigwa kabla juzuu ya mwisho haijatoka, kwa hiyo usiilaumu kwa kupita njia yake. Katuni ya 2023 usiianze kwanza: inategemea uwe unaijua hadithi, na kuanzia mwisho wa sehemu ya 1 inakugeuzia kibao. Ukishaitazama, mwenzako ambaye hajafika huko mwachie aifikie mwenyewe.