Ukigusa kioo, umegusa breki

Viti vya nyuma vya motokari yangu vinanuka mawese mpaka leo. Nimesugua kwa sabuni ya unga, nimesugua kwa ndimu, nimewaachia vijana wa kuosha magari pale Katuba, hapa Lubumbashi, siku nzima, bule. Jua la saa sita likipiga, harufu inarudi kama vile bidoni imemwagika asubuhi ile ile.

Ilikuwa Agosti, kiangazi, mapori yanaungua kila upande na moshi umelala juu ya barabara. Tulikuwa tunaenda Likasi kwenye matanga: mimi kwenye usukani, mume wangu pembeni, mama mkwe nyuma na bidoni ya lita tano kati ya miguu, kifuniko kimekazwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Tulishapita Lwisha. Mwendo 80, mbele hakuna gari. Upande wa kulia, nje kabisa ya lami, kijana anasukuma baiskeli ya makala, ule mkaa wa kupikia, magunia yamepandana mpaka yamemzidi kimo. Mara motokari ikalia pii-pii-pii, maandishi mekundu ya Kijapani yakawaka mbele yangu, na breki zikajikanyaga zenyewe. Mguu wangu haukuwa hapo. Mkanda ulinikaba kifua, bidoni ikaruka, na nilipotupa jicho kwenye kioo cha kutazamia nyuma nikaona uso wa kamyo ya remorki inayorudi migodini, imejaa kioo chote. Shofere wake alivuta kushoto, akatupita na honi yake mpaka ikapotelea kwenye moshi. Mama mkwe alisema, “Yesu.” Halafu akasema, “Mawese yangu.”

Kwa wiki mbili kila mtu alikuwa na jibu. Jirani alisema kuna mtu ananiwinda. Fundi wa kwanza akabadilisha pedi za breki, akala pesa yangu, na siku ya tatu motokari ikajikanyaga tena, safari hii mjini, mbele ya mama aliyekuwa amekaa pembeni ya barabara na meza yake ya tomate. Shemeji akashauri tung’oe fyuzi. Nitarudi kwenye fyuzi.

Ukweli ni kwamba sikujua hata kama motokari yangu ina breki ya aina hiyo, ya kujikanyaga yenyewe ikiona kitu mbele. Niliinunua ya mkono wa pili kutoka Japani: meli mpaka Dar es Salaam, barabara kupitia Zambia, kisha mpaka wa Kasumbalesa. Kila asubuhi ukiwasha, sauti ya dada mmoja inasema kitu kwa Kijapani, na sisi tumezoea kumjibu “jambo mama”. Baadaye nikaambiwa kwamba anadai kadi ya kulipia barabara za kwao. Kama hilo tulilisikia miaka miwili bila kujua maana yake, fikiri ni maonyo mangapi mengine tumeyaitikia “jambo”. Kulikuwa hata na taa ya njano iliyowaka tangu mwezi wa tano. Mimi niliichukulia kama mapambo.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa umeme wa magari, hakugusa magurudumu kabisa. Alisimama mbele ya motokari, akatazama kioo cha mbele.

“Mama, hii parabrizi si yake.”

“Ndiyo papa. Ya kwanza ilipasuliwa na jiwe mwezi wa tano.”

“Aliyeiweka alikuonyesha hii?” Akagusa kwa ncha ya bisibisi kijisanduku cheusi kilichojificha juu, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma.

“Nilifikiri ni kitu cha mvua.”

“Mvua! Haya ni macho yake, mama. Breki ya hii motokari inaonea hapa.”

Kijisanduku kile ni kamera. Ile parabrizi niliyouziwa ilitoka kwenye gari isiyokuwa na kamera, kwa hiyo haikuwa na kishikizo chake. Kijana aliyeifunga alibandika kishikizo kwa gundi, kwa kukadiria. Ukitazama kwa macho huoni kasoro. Lakini piga hesabu: kamera ikikengeuka digrii moja tu, kitu kilicho mita 50 mbele kinahama karibu sentimita 90. Kwa mita 100 ni karibu mita moja na robo tatu. Yule kijana wa makala alikuwa nje ya lami. Motokari yangu ilimwona katikati ya njia yangu. Ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Ilikuwa inaokoa maisha ya mtu ambaye hakuwa hatarini, na kutuweka hatarini sisi.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana watu wengi wanadhani breki hizi ama ni nzima ama ni mbovu. Magari mengi ya namna hii yana kamera kwenye kioo na rada mbele, mara nyingi nyuma ya ile nembo ya kampuni. Mengine yana kamera mbili bila rada. Rada ni hodari kupima umbali na mwendo, hata gizani. Lakini barabara imejaa vitu vilivyosimama: vyuma vya pembeni, vibao, madaraja, kizuizi cha peaji cha kulipia barabara. Ingekanyaga kwa kila kimoja usingefika Likasi. Kwa hiyo wahandisi wa mifumo mingi waliifundisha kutovijali sana vitu visivyosonga pale unapokwenda kasi. Sasa fikiri barabara ya Kasumbalesa saa mbili za usiku: kamyo imekufa njiani, haina taa, shofere ameweka matawi ya miti kama onyo. Kile kile kilichopunguzwa ili isikanyage bure ndicho kinaweza kuifanya isikanyage pale unapoihitaji kuliko siku zote. Huwezi kuondoa kosa moja bila kuongeza lingine kidogo. Ndiyo maana usiku mimi natembea kana kwamba haipo.

Wala si shida ya magari ya mkono wa pili peke yake. Mwaka 2022 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi juu ya magari ya Tesla kiasi cha 416,000, baada ya malalamiko 354 ya gari kukanyaga breki ghafla bila sababu. Hayo yalikuwa mapya, na barabara zao zina mistari.

Mistari! Hiyo ilitutesa. Mzee alichomeka valizi yake, kile kifaa cha kusoma makosa ya gari, ikaandika kwamba kamera haijapimwa upya, yaani haijanyooshwa itazame mbele sawasawa. Tukatafuta kioo chenye kishikizo chake, tukafunga. Kisha programu ikatoa masharti: endesha kwa mwendo wa sawasawa kwenye barabara yenye mistari myeupe inayoonekana vizuri. Tulizunguka Lubumbashi na valizi mapajani kama watu wanaotafuta kiwanja. Mstari unaanza, unaliwa na vumbi jekundu, unarudi, unaingia kwenye shimo. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ikakataa. Mara ya tatu tukatoka saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa mgongoni mwetu, kwenye kipande cha barabara ya Likasi chenye rangi bado, na baada ya dakika kama ishirini ile taa ya njano ikazimika. Mzee alipiga makofi. Magari mengine hayapimwi hivyo: yanataka sakafu iliyonyooka, mita ya kupimia na ubao wa michoro mbele ya gari. Uliza ya kwako inataka nini kabla hujalipa kioo.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua, simama mbele ya gari utazame juu ya parabrizi. Ukiona kijisanduku, shuka kwenye kona ya kioo usome muhuri wa mtengenezaji, halafu ulinganishe na vioo vya milangoni. Ukitofautiana, huenda kioo kimebadilishwa. Muulize muuzaji nani alipima kamera. Akikuuliza “kamera gani?”, jibu umeshalipata, na bei iteremke. Tazama na mbele: kama wamefunga pare-bufle, ile kinga ya chuma, mbele ya rada, au wamepaka rangi nembo, au wameinua gari na matairi makubwa, macho yake yamefungwa kitambaa au yanatazama mbinguni.

Kama unayo tayari, toa stika. Vinyeti, karatasi ya asiransi, picha ya nabii, vyote vihamie mbali na kile kijisanduku. Futa kioo hata kama unaona vizuri wewe. Vumbi letu na wadudu wa usiku vinatosha kuipofusha, na jua la chini la jioni linamaliza.

Ikijikanyaga bure na nyuma kuna gari, usikate usukani. Kwa magari mengi, kukanyaga mafuta kwa nguvu kunailazimisha iachie. Nilijifunza hilo baada ya mawese, lakini limenifaa mara moja. Na ukiona mtu amekung’ang’ania mgongoni, mpishe apite. Yeye hajui kwamba una breki yenye akili yake.

Sasa fyuzi. Usiing’oe. Unaweza kuwa unaondoa na vitu vingine vya breki bila kujua. Kuna kitufe, au sehemu kwenye menyu, chenye mchoro wa gari na kitu kama mlipuko mbele yake. Ndicho cha kuzima. Kwenye magari mengi ukizima injini na kuiwasha tena, breki ile inarudi yenyewe, kwa hiyo wakati wa ugonjwa nilikuwa nabonyeza kila asubuhi, kama sala. Usichanganye na kile cha gari lenye mistari ya nyoka chini yake: hicho kinazuia gari isiteleze, kiache, isipokuwa umezama kwenye matope ya Januari na magurudumu yanazunguka bure. Na kama siku ya mvua ukikanyaga breki pedali inatetemeka chini ya mguu, hiyo ni nzima. Endelea kukandamiza, usipampu kama walivyotufundisha baba zetu.

Mume wangu bado anataka tuizime moja kwa moja. Tunabishana. Utafiti wa Marekani unaonyesha kwamba magari yenye breki hii yanagonga ya mbele yake karibu nusu ya mara ukilinganisha na yasiyo nayo, na Japani imeilazimisha kwa aina mpya za magari ya kwao tangu Novemba 2021. Pale mzunguko wa mjini, na wamotari wanaokatiza bila kutazama, imeshanisaidia mimi mwenyewe. Nimeiacha iwe, ila mguu wangu hauendi mbali.

Mwezi uliopita tulirudi Likasi kumaliza matanga. Mama mkwe alipanda nyuma kama kawaida, bidoni mpya mkononi.

“Macho yake mmeyanyoosha?”

“Ndiyo mama, yamenyooshwa.”

Akafikiri kidogo. Kisha akafungua mlango, akashuka, akaenda kuiweka bidoni kwenye buti.