Maswali ya Wasomaji: Matriksi, Wazee na Akiba

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari, na nimezoea kutafuta thamani eigeni (namba zinazoonyesha matriksi, yaani jedwali la namba, inakuza au kupunguza kwa mara ngapi) za matriksi za fizikia ya kwanta kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Nimejaribu matriksi ya watu yenye makundi matatu: miaka 0–29, 30–59 na 60–89. Mstari wa kwanza ni 0.5, 0.25, 0, wa pili 0.96, 0, 0. Wa tatu 0, 0.8, 0. Kompyuta inatoa 1.43, kana kwamba watu wanaongezeka kwa asilimia 43 kila miaka 30. Nikizidisha kwa mkono, wanapungua. Tatizo ni nini?

JIBU: Mkono wako uko sahihi. Umetumia amri ya eigh ya NumPy (maktaba ya hesabu ya Python), ambayo ni ya matriksi linganifu kama zile za kwanta, yaani zenye namba zilezile pande zote mbili za ulalo, mstari unaotoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia. Amri hiyo husoma ulalo na pembetatu ya chini tu, ya juu inaijaza yenyewe kwa kunakili ya chini. Zile 0.25 zako hazikusomwa kabisa, na nafasi ya pili ya mstari wa kwanza ikawekwa 0.96. Mbaya zaidi, haitoi onyo lolote. Tumia eig, ambayo husoma matriksi nzima.

Matriksi yako ni ya aina aliyoieleza P. H. Leslie mwaka 1945: mstari wa juu ni uzazi, namba zilizo chini ya ulalo ni sehemu ya watu wanaofika kundi linalofuata. Mlinganyo wake, λ ikiwa thamani eigeni na ukiacha jibu la sifuri, ni λ² − 0.5λ − 0.24 = 0, na majibu ni 0.8 na −0.3. Ile 0.8 ndiyo kasi ya muda mrefu: kila miaka 30 watu wanabaki asilimia 80 ya walivyokuwa.

Angalia mambo mawili. Eig haipangi majibu kwa ukubwa, kwa hiyo itafute kubwa wewe mwenyewe. Vekta yake, yaani orodha ya namba inayoambatana na jibu hilo, nayo huenda ikaja na alama hasi kote. Igawe kwa jumla ya namba zake, utapata mgawanyo halisi wa watu. Kwako ni 1 : 1.2 : 1.2, yaani wazee asilimia 35. Na kama unahesabu wanawake peke yao, uzazi uwe wa mabinti tu. Anayeweka watoto wote hupata uzazi karibu mara mbili ya ule halisi.

SWALI: Tunaambiwa taifa likizeeka akiba hushuka. Mbona Japani ilisifika kwa akiba nyingi wakati uzazi wake ulikuwa tayari umeshapungua?

JIBU: Yote mawili ni kweli, ila hayatokei kwa wakati mmoja. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanalinganisha mwanzo na mwisho, njia ya katikati wanairuka.

Chukua matriksi ya hapo juu, lakini uzazi wa zamani uwe 0.86 na 1. Kasi yake ni 1.5, na wazee ni asilimia 17. Tuseme kila mtu wa miaka 30–59 anaweka 6 kwa mwaka, kila mzee anatoa 4 katika alichoweka, na matumizi ya vijana yamo ndani ya hesabu ya wazazi. Akiba kwa kila mtu ni 1.25. Sasa shusha uzazi ghafla hadi 0.5 na 0.25, usiguse kingine. Hatua ya kwanza akiba inapanda hadi 1.74, kwa sababu watoto ni wachache na kundi kubwa la zamani ndilo liko kazini. Hatua ya pili kundi hilohilo limestaafu: akiba inaporomoka hadi 0.37. Ya tatu inarudi 0.84, kisha inatulia karibu na 0.71. Kuyumba huko kunatokana na ile −0.3. Tabia ya mtu mmoja mmoja haikubadilika hata kidogo.

Japani imepita njia inayofanana na hiyo. Wenye miaka 65 na zaidi walikuwa asilimia 7 mwaka 1970, 14 mwaka 1994, na sasa ni karibu 29. Kiwango cha akiba cha kaya kilizidi asilimia 20 katikati ya miaka ya 1970. Kufikia 2014 kilikuwa karibu na sifuri. Lakini usiutwike umri mzigo wote. Mwaka 2020 akiba iliruka juu, watu wakiwa wamejifungia ndani na serikali ikimpa kila mkazi yen 100,000. Tena akiba ya kaya si akiba ya taifa: kampuni za huko zimeweka fedha nyingi wakati kaya zinapunguza. Wazee nao hutumia akiba polepole kuliko inavyodai nadharia ya mwanauchumi Modigliani, kwamba mtu huweka akiba akiwa kazini na kuitumia uzeeni, wengine kwa hofu ya kuishi muda mrefu, wengine ili waache urithi.

SWALI: Nikitumia makundi ya miaka mitano, wenye 85 na zaidi niwaweke wapi?

JIBU: Wawe kundi la 18, na sehemu yao inayobaki hai baada ya miaka mitano iandike kwenye kona ya chini kulia, ndani ya ulalo wenyewe. Ukiacha sifuri pale, programu inawaua wote kila hatua. Kosa hili ni gumu kuliona kwa sababu kasi ya ongezeko haibadiliki, kwa kuwa kundi hilo halizai. Idadi ya wazee ndiyo inayopungua kimyakimya, na akiba unayokadiria inakuwa kubwa kuliko inavyostahili.