Shangazi Nijibu: Kazi ya Manchester, Watoto Sita, Huo Mshahara Utatosha?

"Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto sita, mkubwa ana miaka 14 na kitinda mimba 3, tunaishi Nairobi. Mume wangu ni Myahudi wa Marekani, injinia wa maji, na mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyeingia dini yao kabla ya ndoa. Sasa amepata kazi Manchester, mkataba wa miaka mitatu, pauni 50,000 kwa mwaka. Ndugu wakigeuza kwa shilingi wanapiga vigelegele, ila mimi nikishika kalamu naona giza. Nyumba tuliyoonyeshwa Prestwich, kitongoji cha huko Manchester, ni 1,900 kwa mwezi. Rafiki kaniambia serikali ya kule inalipa posho ya watoto, nikaijumlisha, bado haijai. Nikimwambia mume tupige hesabu anasema parnasa, yaani riziki, inatoka kwa Mungu, imani yangu ni ndogo kwa vile dini nimeingia ukubwani. Hilo neno limenichoma mpaka leo. Nifanyeje? Mama Sita, Nairobi."

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na nakujibu kama mtu aliyeishi huko huko maana miaka minne nililea watoto wa familia ya Kiyahudi hapo Prestwich, watoto saba wale, na mama mwenye nyumba alikuwa ana daftari la matumizi linakaa juu ya friji. Mama yule alikuwa na imani hamna mfano, na kila Jumatano usiku alikuwa anakaa na lile daftari na kalamu. Kwahiyo hilo la kwanza liweke pembeni kabisa, anayepiga hesabu za nyumba hana imani ndogo. Na mumeo alivyokugusia habari ya kuingia dini ukubwani amekukosea, tena sana, utamwambia hivyo kwa utulivu siku ambayo hamjagombana. Mkumbushe na ile ketuba yenu, ule mkataba wa ndoa, sio karatasi ya ukutani tu ile, ndani yake yeye ndiye aliyejifunga kukulisha na kukuvisha, sasa mwanamke kuuliza chakula kitatoka wapi si ni kuuliza kitu alichoahidiwa kwa maandishi?

Haya twende kwenye pesa. Hiyo 50,000 usiigeuze kwa shilingi tena, nakuomba, futa hiyo hesabu kichwani. Ikikatwa kodi na bima ya taifa inabaki karibu 3,290 kwa mwezi, wakitoa na pensheni mtashika kama 3,150. Toa nyumba 1,900. Toa kodi ya manispaa, nyumba ya kuwatosha nyie weka 200. Umeme na gesi weka 200 na baridi ikikaza itapita hapo. Mmebaki na 850 na bado hamjala.

Chakula sasa, hapa ndio wengi wanaopiga hesabu kutoka mbali wanaanguka. Wewe unajua kosher, chakula kinachoruhusiwa na dini yenu, kwa Nairobi ilivyo, mnakula samaki, mboga, nyama mpaka ipatikane. Kule nyama imejaa, maduka ya Bury Old Road yana kila kitu, na ndio mtihani wenyewe kwasababu watoto wataona kila kitu. Bei ya kuku wa kosher sio ile ya kuku wa supamaketi ya kawaida, jibini hivyo hivyo. Alhamisi jioni nilikuwa naenda na yule mama, toroli mbili, kuku, samaki, unga wa mkate wa hala, juisi ya zabibu, alafu pale kwenye kaunta anarudisha vitu viwili vitatu, kimya kimya, watoto wasione. Familia ya watu wanane mkijibana sana weka 1,100 kwa mwezi. Yani hapo mshahara umeshaisha na mna deni la 250, viatu bado, basi bado, simu bado, mchango wa sinagogi bado.

Na ile posho ya watoto uliyojumlisha, itoe. Kwa viwango vya mwaka wa fedha wa 2025/26 watoto sita ilikuwa pauni 112.30 kwa wiki, karibu 487 kwa mwezi, ni pesa ya maana na jirani zenu wengi mtakaowakuta wanaitegemea. Lakini nyie mnaingia kwa viza ya kazi, na hiyo viza imeandikwa kabisa kwamba hamna haki ya fedha za umma. Rafiki yako hakukudanganya, yeye pengine ana uraia au makazi ya kudumu, nyie bado.

Kuna kitu kingine hujakiandika kabisa na ndicho kilichonitoa usingizini kwa ajili yako. Sarchaji ya afya, ile ada mwenye viza anayolipa ili atibiwe kwenye hospitali za serikali. Kila mtu mzima pauni 1,035 kwa mwaka, kila mtoto 776, na inalipwa yote kwa mpigo mnapoomba viza, sio kidogo kidogo. Nyie wawili kwa miaka mitatu ni 6,210. Watoto sita ni 13,968. Jumla 20,178 kabla hamjapanda ndege, na ada ya viza ya kila kichwa iko nje ya hapo, na deposit ya nyumba ya wiki tano nayo iko nje. Mnazo? Kama hamnazo basi swali la mshahara kutosha linasubiri, la kwanza ni nani analipa hizo 20,178. Makampuni mengine yanalipa ya mfanyakazi peke yake, mengine familia nzima, mengine hayalipi hata senti, na hakuna anayekwambia mpaka uulize. Mume aulize kwa barua sio kwa simu, na aulize pia akiacha kazi kabla ya muda kama watamdai zirudi.

Sasa nisikutie hofu tu maana Manchester ina jambo moja zuri sana na nadhani ndio maana mumeo ameipenda kuliko kwao. Kule Marekani, sehemu kama Teaneck huko New Jersey, shule ya Kiyahudi inapita dola 20,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka, watoto wako wangemaliza mshahara wote na wa jirani juu. Uingereza kuna shule za Kiyahudi zinazolipiwa na serikali, King David pale Crumpsall, Broughton Jewish na nyinginezo, hamlipi ada, na watoto wa wenye viza ya kazi wanaingia kama watoto wengine. Wataomba mchango wa hiari kwa masomo ya dini, ni wa hiari kweli, mnaongea nao mnatoa mnachoweza. Kama una wa miaka mitano atapata na chakula cha mchana bure mpaka amalize darasa la pili lao, na huyu wa mitatu ana saa 15 za nursery bure kwa wiki. Ila muwe makini, zile shule za mrengo mkali zaidi nyingi ni za binafsi na tangu Januari 2025 ada za shule binafsi zimeongezwa kodi ya VAT ya asilimia 20, msikubali kuingizwa huko kwa aibu ya kuambiwa hamjashika dini vya kutosha.

Na najua kuna swali hukuliuliza lakini liko chini ya barua yako, kwamba watoto wako watakataliwa shuleni kwasababu mama yao aliingia dini. Mwaka 2009 kulikuwa na kesi ya mtoto aliyenyimwa nafasi JFS, shule ya Kiyahudi ya London, mama yake aliingia dini kama wewe na ofisi ya Rabi Mkuu haikuukubali uingiaji wake, ikafika Mahakama ya Juu kabisa na wakasema shule haiwezi kumpima mtoto kwa ukoo. Tangu hapo shule zinaangalia mnavyoshika dini, kwenda sinagogi na kadhalika, sio damu. Sinagogi zenyewe ndio zitataka kuona karatasi zako za beth din, ile mahakama ya dini iliyokupokea, kwahiyo beba za asili, sio kopi, na barua ya rabi wenu wa Nairobi mkononi. Huyo wa 14 mtafutie nafasi mapema sana, kule mtihani wa sekondari wa GCSE wanausomea miaka miwili, ukimhamisha katikati unamuumiza.

Kuhusu kazi ya mume, kuna Ijumaa, Shabati yenu, siku ya kutofanya kazi, inaingia jua likizama. Hapo Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima hamna presha. Manchester mwezi wa kumi na mbili mishumaa inawashwa kama saa tisa u nusu mchana, kwahiyo saa nane awe ameshatoka kazini, kila wiki, miezi miwili mitatu. Alafu sikukuu zenu zikiangukia siku za kazi zote ni siku 13 kwa mwaka, na likizo ya kisheria ni siku 28 zikiwemo zile nane za serikali. Zikitoka 13 kwenye 20, amebaki na siku saba za kuumwa mtoto na kila kitu. Yule mama wangu ukurasa uliomtisha kwenye daftari ulikuwa wa Tishrei, ule mwezi wenu uliojaa sikukuu, nguo za sikukuu, wageni, kibanda cha suka, tunda la etrogi, wiki tatu mfululizo. Pesa ya Pasaka alikuwa anaiweka kuanzia Desemba kwenye kopo la majani ya chai. Na kama una mvulana ambaye bar mitzva, sherehe ya kufikisha miaka 13, iko njiani, tefilini, vile visanduku vya kuvaa kwenye sala, peke yake ni mamia ya pauni.

Haya jibu langu. Kwa karatasi mliyonayo sasa hivi, usihame. Ila mwajiri akilipa sarchaji ya wote wanane, na wewe ukawa tayari kufanya kazi, inawezekana. Viza yako ya mke inakuruhusu, saa 20 kwa wiki kwa mshahara wa chini, uliokuwa 12.21 kwa saa mwaka wa fedha wa 2025/26, ni kama 1,000 kwa mwezi na kodi haigusi cha maana, sema mdogo ana saa 15 tu za nursery na likizo za shule hazimo, zamu zako zipange hapo. Mnakuwa na 4,150, toa niliyokutajia juu, inabaki 750 ya viatu na basi na sinagogi na dharura. Ni kubana lakini ni kuishi. Nyumba muitafute umbali wa kutembea kwa miguu mpaka sinagogi, najua zinapanda bei kwa hilo, lakini Shabati hamuendeshi gari na mtoto wa miaka mitatu kwenye mvua ile hatembei maili mbili. Eneo lile lina eruvi, mpaka maalumu unaoruhusu kubeba na kusukuma vitu nje siku ya Shabati, kigari cha mtoto utasukuma.

Na aende akaone. Pasi yake ya Marekani haihitaji viza ya kutembea, ni kibali cha mtandaoni tu. Akae Shabati moja Prestwich, watu wale wanakaribisha wageni mezani bila kumjua mtu, nimepakua sahani za wageni ambao hata majina nilikuwa sijui. Mpe orodha yako, kuku bei gani, King David kuna nafasi za umri gani, gemachi, vile vituo vya kuazima bure, za nguo na vitanda ziko wapi, maana kule vitu vya watoto vinaazimwa na kugawiwa usinunue kitanda hata kimoja kabla hujauliza. Afike Alhamisi, aingie dukani jioni na toroli, anunue Shabati ya watu wanane kwa pesa yake mkononi na akutumie picha ya risiti. Ikifika mkae wawili na daftari, hiyo risiti iwe mbele yenu, kisha niandikie kampuni imejibu nini kuhusu zile 20,178.