Shingo nyeusi ya mtoto haitoki kwa dodoki

Dada, umeuliza kwa nini shingo ya mwanao wa miaka 10, kilo 58, haitakati hata ukiisugua. Weka dodoki chini, huo si uchafu. Ngozi ikiwa nyeusi, nene na laini kama mahameli shingoni na kwapani, mara nyingi mwili hauitikii vizuri insulini (homoni inayoingiza sukari kwenye seli), hivyo kongosho, kiungo kinachoitengeneza, linaizidisha, na ziada hiyo huchochea ngozi kukua. Hali hiyohiyo hujaza mafuta kwenye ini, nalo halilalamiki; mtoto anacheza mpira kama kawaida. Mpeleke apimwe sukari na kimeng'enya cha ini, ALT, ambacho hupanda kwenye damu ini likiumia. Kwetu, kwa mwanangu, tulianza kwa kufuta soda na juisi za pakiti (bibi yake alinuna wiki nzima). Krimu za kung'arisha usiguse, zitamchubua bure.