Shangazi, wenzangu wanataka kunisaidia nami naona aibu

*Shangazi, nilivunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, na daktari amenikataza kuukanyaga kwa wiki sita. Wenzangu wa chama wanataka kunipikia na kunifulia, lakini nawajibu niko sawa, maana nimezoea kutoa, si kupokea. Mama mkwe anataka binti yangu wa sekondari akae nyumbani muhula huu anihudumie. Nashinda barazani nikitazama kwezi wakilisha makinda kwenye mgunga, na naapa wanaoleta chakula si wawili. Ni macho yangu? Na hawa watu nitawalipaje? – Mama Wawili, Nanyuki*

Mama Wawili, pole sana. Macho yako hayajakudanganya.

Kwezi hao wa mgongo wa buluu unaong'aa, tumbo la rangi ya kutu na mstari mweupe kifuani huishi kwa makundi, mengine ya ndege zaidi ya kumi, na mvua zikija ni jozi chache tu zinazotaga. Jike huatamia peke yake, ila makinda yakishaanguliwa wengine huja na wadudu na kusaidia kufukuza maadui. Ukitaka kuhakikisha, tazama kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, ukiwa mita 15 hivi kutoka kwenye mti. Jicho la mkubwa ni jeupe. Ukiona jekundu na kifua kisicho na mstari, huyo ni kwezi wa aina nyingine. Dume na jike wanafanana, kwa hiyo usihangaike kumtambua kila mmoja. Subiri uone watatu wenye wadudu mdomoni kwa wakati mmoja. Wakibaki tawini wakipiga kelele bila kuingia kiotani, umesogea mno. Wala mtu asikukatie matawi ili uone vizuri, maana miiba ile ndiyo ukuta wao.

Hapo hapo Laikipia, katika kituo cha utafiti cha Mpala, kwezi wamevishwa pete za rangi miguuni na kufuatiliwa tangu 2002. Matokeo ya miaka 20 yalichapishwa 2025. Wengi husaidia ndugu zao, lakini husaidia pia wasio ndugu, hata ndugu wakiwepo. Na aliyesaidiwa msimu mmoja huonekana miaka ya baadaye akimlishia makinda yule yule aliyemsaidia. Malipo hayaji wiki ile ile.

Sasa fikiria upande wa wenzako. Wamekula kwa mkono wako miaka yote. Ukiwafungia mlango leo, unawaacha na deni ambalo huwapi nafasi ya kulilipa, na hilo linaumiza kuliko unavyodhani.

Lakini usiseme tu "karibuni". Hapo ndipo misaada mingi huharibika: Jumapili zinakuja sufuria tano za pilau, Jumatano watoto wanalala na chai. Mteue mmoja wa chama apange zamu, nawe umtajie kazi, siku na kiasi. Unaweza kumwandikia hivi: "Nahitaji mitungi minne ya lita 20 ya maji Jumatatu na Alhamisi, nguo zifuliwe Jumamosi, na chakula cha jioni siku tatu kwa wiki. Asubuhi najiweza." Anza na wiki mbili, kisha mpange upya, mtu akijua mwisho wa zamu yake hachoki. Sema pia usichotaka. Kama hupendi kuogeshwa na jirani, useme bila kuona haya. Daftari la nani kaleta nini liwe la kuwashukuru, usiandike bei. Ukitaka kutoa kitu sasa hivi, mikono yako ni mizima: chambua maharage ya jirani, au simamia watoto wake wakifanya kazi za shule barazani kwako.

Kuhusu binti, nitakuwa mkali. Wapo ndege wengine, keremkerem wa paji jeupe, wanaochimba viota kwenye kingo za udongo. Watafiti Stephen Emlen na Peter Wrege waliwachunguza karibu na Nakuru, na mwaka 1992 walieleza jinsi madume wazee wanavyovuruga viota vya watoto wao wa kiume: baba huziba mlango wa shimo na kuingilia kati kijana akimlisha jike wake, mpaka kijana anaacha kiota chake na kurudi kumsaidia mzee. Wazee wanapata msaidizi, lakini msimu wa kijana umekwenda. Muhula wa shule ndicho kiota cha binti yako. Akusaidie jioni baada ya masomo, saa moja, basi.

Mama mkwe usimgombeze. Mpe kazi yenye heshima, huku chama kikiwa kimeshaanza zamu: "Mama, shikamoo. Asubuhi za Jumanne na Ijumaa nakuwa peke yangu. Ningeomba uje tushinde pamoja, uniangalizie na jiko. Mtoto amesharudi shule."